Tiketi ya Watu Watano

Zamani, mtu wa Kassel aliyetaka kwenda Halle siku ya Jumamosi bila kufilisika alilazimika kwanza kutafuta wenzake wanne. Siku hizi anahitaji kidole gumba tu juu ya simu, na kidole gumba hakina salamu.

Volkmar Heise aliijua zamani hiyo kuliko mtu yeyote mtaani kwake. Alikuwa fundi wa vigae. Miaka arobaini alipiga magoti kwenye mabafu ya watu, akastaafu na mgongo mbovu, pensheni ndogo na kichwa kilichojaa ratiba za treni. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na tano. Lakini kile kitabu kinene cha ratiba, kilichokuwa kikichapwa kila mwaka enzi ambazo nchi ile bado iliamini karatasi, alikisoma jikoni kwake jioni kama wengine wanavyosoma Zaburi. Walipoacha kukichapa, alikiweka cha mwisho juu ya jokofu, akaendelea kukifungua ingawa nusu ya treni zilizokuwamo zilikwisha kufa.

Majirani walimjia kuulizia tiketi, maana siku hizo kuchagua tiketi kulikuwa elimu. Kulikuwa na ile ya bei kamili, ya matajiri na wafiwa, ambayo ukiwa nayo unapanda treni yoyote. Kulikuwa na ile ya bei ya chini ya treni za mwendo kasi, ambayo Heise aliidharau kwa kuwa inakuozesha kwa treni moja: umeandikiwa ya saa nne na dakika kumi na tatu, basi utaishi na kufa na ya saa nne na dakika kumi na tatu. Jirani yake Pfannkuch aliinunua kwenda Würzburg. Akafika stesheni mapema, kama ilivyo kawaida ya watu wa kule, akaona treni ya saa mbili ikiingia nusu tupu, mlango ukafunguka mbele ya pua yake, akasimama wima akaiacha iende. Hakuna aliyemzuia. Alikaa saa mbili kwenye benchi la chuma, mwezi wa Januari, kwa utii mtupu, akarudi na kichomi.

"Si ungepanda tu, ukajieleza," Heise alimwambia alipokwenda kumjulia hali.

"Tiketi haikusema hivyo."

"Wala haikusema uugue."

"Heise," alijibu Pfannkuch katikati ya kikohozi, "sheria ni sheria." Na alionekana mtu mwenye furaha kabisa.

Tiketi aliyoipenda Heise ilikuwa ya tatu. Karatasi moja, siku moja, watu watano, treni zote za polepole nchini, zile zinazosimama kila penye nyumba tatu na mnara wa kanisa. Bei yake ikigawanywa kwa watano ilikuwa kama bure. Taabu ilikuwa moja: hao watano uwatoe wapi? Watu wa Kassel si watu wa kuzungumza na wasiowajua. Mtu anaweza kupanda ngazi moja na jirani yake miaka ishirini akajua habari zake kwa kuangalia taka zake tu. Lakini ukata nao una adabu yake. Asubuhi kabla ya saa moja, kando ya mashine ya tiketi, watu wazima wenye heshima zao walisimama wakizungusha macho, kisha mmoja akajikohoza, akauliza, "Samahani, Halle?" Na mwingine, kama aliyefumaniwa, akajibu, "Mpaka Sangerhausen tu."

Hivyo ndivyo walivyopatikana watano wa Heise. Roswitha Tiedemann, muuguzi, alikuwa akienda Nordhausen kumwogesha mama yake. Bogdan Wieczorek, mwashi kutoka Poland, alikuwa akienda Sangerhausen kwa mwanamke ambaye kila mwaka alikuwa karibu kumwoa. Detlev Quast, mwalimu mstaafu wa Kilatini, alikuwa na bustani yake Eisleben, na hakuwa mtu wa kusikia kosa akalala usingizi. Nesrin Aydoğan, fundi cherehani, alikwenda kwa binti yake Halle. Mwanzoni walisafiri pamoja kwa sababu ya bei. Mwaka wa tatu walisafiri pamoja kwa sababu ya bei, keki za Roswitha, na ubishi. Miaka kumi na mbili, na hawakuacha kuitana Bwana na Bibi. Namba ya simu hakuna aliyemwomba mwenzake. Ya nini? Jumamosi ilikuwa inakuja yenyewe.

Mwenye karatasi alikuwa Heise. Kanuni ilitaka majina ya wasafiri yaandikwe kwa wino, naye aliyaandika kwa herufi kubwa, taratibu, kama anayepanga vigae. Nguvu ya karatasi ile ilionekana wakati wa kurudi. Heise na Nesrin walipanda Halle saa kumi, behewa la mwisho. Quast aliingia Eisleben, Wieczorek Sangerhausen, Roswitha Nordhausen, na kila mmoja akishapanda ilimpasa ampate Heise kabla kondakta hajampata yeye. Bila Heise walikuwa wezi wa nauli. Kwa hiyo hata waliokosana asubuhi, jioni ilibidi wakae kiti kwa kiti. Kuna mwaka Quast na Wieczorek waligombana juu ya namna ya kupogoa mitofaa mpaka wakanyimana salamu.

"Mwambieni bwana huyo asogeze miguu," alisema Quast.

"Mwambieni bwana huyo miguu hii imelipiwa nauli," alisema Wieczorek.

"Imelipiwa moja ya tano! Moja ya tano tu!"

Nesrin alicheka mpaka akamwaga kahawa, kahawa ikamwagikia suruali ya Quast, Wieczorek akatoa leso yake. Walipofika Eichenberg walikuwa wanagawana yai la kuchemsha. Wangekwenda wapi? Karatasi ilikuwa moja.

Naye Heise alikuwa akienda kwa ndugu yake Lothar. Ndivyo alivyowaambia, na ilikuwa kweli kwa miaka sita, mpaka Februari moja Lothar alipofariki. Heise alimzika siku ya Jumanne. Jumamosi alisimama kando ya mashine kama kawaida, amekusudia kuwaambia.

"Lothar hajambo?" Roswitha akamwahi.

Heise akafungua mdomo, akaona wazi yatakayofuata. Watampa pole. Watamshika mkono. Quast atasema neno la Kilatini. Halafu Jumamosi ijayo, mtu asiye na mtu Halle ataenda Halle kufanya nini? Nyumbani alikuwa na jokofu, na juu ya jokofu kitabu.

"Goti linamsumbua," akasema.

Basi Lothar akaendelea kuishi, na aliishi vizuri kuliko alipokuwa hai. Alifanyiwa upasuaji wa goti. Alinunua ndege wa manjano anayeimba. Aligombana na mwenye nyumba juu ya ufunguo wa stoo ya viazi, akashinda. Roswitha alimpelekea mafuta ya kuchua, Wieczorek chupa ya kinywaji kikali kila Krismasi, na Quast, kila mwezi wa tano, miche ya nyanya iliyofungwa kwenye gazeti pamoja na maelekezo ya kurasa mbili. Heise alishuka Halle, akaagana na Nesrin, akala soseji amesimama, akazunguka mji mpaka saa kumi. Mche wa mtu hakuwa na moyo wa kuutupa, kwa hiyo aliipanda miche ile mahali pekee ambapo Lothar alikuwa na udongo, yaani kaburini. Ikashika vizuri ajabu. Ofisi ya makaburi ikamwandikia kumkumbusha kwamba juu ya kaburi huruhusiwa maua na mimea ya kutambaa, si mboga. Heise, ambaye hajawahi kuvunja kanuni yoyote isipokuwa ya kusema kweli, aliihamishia nyuma ya jiwe.

Kisha wakubwa wakatangaza tiketi ya mwezi. Mtu mmoja, simu moja, bei moja, treni zote za polepole nchi nzima, kila siku, bila kuandika jina la mwingine yeyote. Magazeti yakashangilia kwamba sasa hakuna tena haja ya kuchagua, kana kwamba kuchagua kulikuwa ugonjwa uliopatiwa chanjo.

Nesrin alikuwa wa kwanza. "Tazama, Bwana Heise! Binti yangu kaniwekea. Unabonyeza hapa, basi. Chukua na wewe, uende kwa Lothar hata kila siku!"

"Kila siku," alisema Heise. "Atanichoka."

"Bwana Heise atazikwa na karatasi yake," alisema Wieczorek, "na juu ataandika majina yetu sisi wanne, tumsindikize kwa nauli ya kikundi."

"Jamani, tiketi ni kitu gani?" alisema Roswitha. "Tutakaa pamoja vilevile."

Ndivyo watu wanavyosema siku ya kwanza, na huwa hawadanganyi. Hakuna aliyemwacha Heise. Walipungua tu. Wieczorek aligundua kwamba treni ya saa kumi na mbili asubuhi inamfikisha Sangerhausen kabla yule mwanamke hajabadili mawazo. Nesrin alihamia behewa la mbele, kwa kuwa pale Halle ngazi ziko mbele. Roswitha akaanza kwenda Ijumaa, akitoka kazini moja kwa moja. Quast alibaki, ila na vidude masikioni, akisikiliza mhadhara, akitikisa kichwa mara kwa mara kumkubalia mtu ambaye si Heise. Jumamosi moja ya mwezi wa saba Heise alisafiri saa tatu na zaidi, na neno pekee alilotamka lilikuwa "asante," kwa kondakta.

Hakuwa anataka makubwa. Alitaka behewa la mwisho lijae tena, hata mara moja.

Mwanzoni mwa Septemba alikutana na Roswitha kando ya mashine. Zamu zilikuwa zimebadilishwa.

"Bwana Heise, nimekuwa nikifikiri. Miaka yote hii nashuka Nordhausen. Sasa tiketi yangu inanifikisha Halle bila kuongeza hata senti. Jumamosi ijayo dada yangu yuko na mama. Nakuja kumwona Lothar."

Heise alitazama mashine, kana kwamba ndiyo iliyosema. "Lothar si mtu wa wageni."

"Atatuzoea. Wieczorek anajenga ukuta pale hospitalini kwetu, nimeshamwambia, amekubali. Nesrin nitamkuta leo kwenye treni. Quast mwambie wewe."

"Wote?" aliuliza Heise.

"Wote."

"Behewa la mwisho?"

"Kama zamani, Bwana Heise."

Hapo ndipo mtu mwingine angesema kweli. Lakini mtu mwingine hakuwa amesafiri peke yake tangu mwezi wa tano. "Atafurahi," alisema Heise.

Wiki nzima alijiandaa. Alipanga ungamo lake kama ratiba: atasema kati ya Leinefelde na Nordhausen, ambako kuna muda wa kutosha wa wao kukasirika na wa yeye kuomba radhi kabla ya stesheni. Jumamosi alinunua karatasi ya watano kwa fedha yake mwenyewe, akaandika majina yote kwa herufi kubwa. Wakaja. Roswitha alibeba keki ya plamu, Wieczorek alivaa shati lililopigwa pasi, Nesrin alishika pakiti ya mbegu za ndege wa Lothar. Quast alikuwa na masikio matupu, kwa heshima ya siku.

Kondakta alipofika aliitazama karatasi, akatazama simu nne zilizonyooshwa. "Kwani mmelipa mara mbili?"

"Mara mbili kasoro mmoja," alisema Quast. "Bwana Heise kalipa mara moja."

"Kwa nini?"

"Sisi wenyewe hatujui," alisema Wieczorek, "lakini angalia mwandiko wake, bwana. Safu kwa safu, hakuna kigae kilichopinda."

Walicheka mpaka abiria waliosimama na baiskeli zao mlangoni wakageuka. Leinefelde ikapita wanakula keki. Heise akaweka uma chini. "Kuhusu Lothar..."

"Usitusimulie!" Nesrin alimziba mdomo kwa mkono wenye sukari. "Tutamwona wenyewe."

Nordhausen ikapita, na Roswitha hakushuka. Alipungia kituo chake mkono kama mtoto aliyetoroka shule, na wote wakakipungia. Heise naye alipunga. Baada ya hapo alikuwa na Sangerhausen, alikuwa na Eisleben, alikuwa na mashamba yote yaliyovunwa mpaka Halle, na kila alipotaka kusema aliona nyuso nne zimemwelekea yeye, akajiambia, bado kidogo.

Halle waliingia kwenye tramu. Waliposhuka mbele ya lango lenye maduka mawili ya maua, Wieczorek alifurahi.

"Anakaa nyuma ya makaburi? Mahali pazuri. Majirani hawapigi kelele."

"Si nyuma," alisema Heise, akatangulia.

Quast alizitambua nyanya zake kabla ya kuona jiwe. Zilikuwa zimeiva, nzito, zimefungwa kwenye vijiti sawasawa na maelekezo. "Lakini hizi ni zangu," alisema, akainama, kisha akasoma. LOTHAR HEISE. Akasoma tena. "Bwana Heise, hapa wamekosea. Wameandika elfu mbili na kumi na saba." Maisha yake yote Quast alikuwa amewinda makosa ya watu, siku ile aliomba hili liwe kosa.

"Hawakukosea," alisema Heise.

Wieczorek alifanya ishara ya msalaba. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. "Marehemu huyu nimempa chupa sita. Nani kanywa?"

"Mimi."

"Zote?"

"Krismasi ni ndefu, Bwana Wieczorek."

Nesrin aliangua kicheko, akakikamata kwa viganja vyote viwili. Pengine kicheko kile kingewaokoa. Lakini Roswitha hakucheka. Alikuwa bado ameshika sahani ya keki, kipande cha Lothar kimefunikwa kwa kitambaa.

"Mama yangu ana miaka tisini na moja," alisema. "Jina langu halikumbuki. Goti la ndugu yako analikumbuka. Kila jioni analiombea, na nikiwa na bahati ananiombea na mimi. Nimwambie nini?"

"Mwambie limepona."

Lilikuwa jibu baya kuliko yote, na alilijua kabla halijamtoka lote.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ningekuwa sina pa kwenda."

"Ungekuja tu! Nani angekuuliza?"

"Nyinyi mngeniuliza. Mngeniuliza kwa upole."

Roswitha aliweka sahani juu ya benchi, akatoa simu. Kuna mambo yaliyowahi kusuluhishwa ndani ya behewa la mwisho makubwa kuliko marehemu mwenye goti. Kwa karatasi moja, angenuna mpaka Sangerhausen kwa kuwa hana njia nyingine ya kurudi nyumbani. Angewapa mgongo, akitazama dirishani mpaka Nordhausen. Na kabla ya Eichenberg mtu angemenya yai. Lakini kila mmoja wao alikuwa na nchi nzima mfukoni, na katika nchi nzima hapakuwa na hata kiti kimoja alicholazimika kukikalia.

"Ipo ya saa saba," Roswitha alisema, si kwa mtu yeyote.

"Yetu ni ya saa kumi," alisema Heise.

"Ndiyo, Bwana Heise," alijibu, na sauti yake haikuwa na hasira tena, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Yetu ilikuwa ya saa kumi."

Nesrin alimshika Roswitha mkono, wakaondoka pamoja, ingawa nyumba ya binti yake ilikuwa upande mwingine. Wieczorek alimgonga Heise begani, akawafuata. Quast aliondoka wa mwisho. Alichuma nyanya moja, akaitazama, akaiweka juu ya jiwe, akaifikiria kanuni, akaishusha chini.

Heise alifika stesheni ya Halle dakika nne kabla ya saa saba. Tiketi yake ilimruhusu kupanda treni ile kama yoyote nyingine. Majina yao yote yalikuwa juu yake. Alitembea kando ya treni kuanzia mbele. Behewa la kwanza aliwaona Nesrin na Roswitha, Nesrin anazungumza, Roswitha amefumba macho. La pili Wieczorek, kofia imeshuka mpaka puani, miguu imenyooshwa, hakuna wa kumwambia aisogeze. La tatu Quast. Huyu alimwona, akainua mkono nusu, kama mwalimu anayetaka kusahihisha jambo, akaushusha akachukua vidude vyake vya masikioni. Heise akaendelea mpaka mlango wa behewa la mwisho, akasimama pale, mahali ambapo wangemtafuta kama wangekuwa na haja ya kumtafuta. Mlango ulilia, ukafungwa mbele yake, naye hakupanda. Treni ilipoanza kuondoka bado aliweza kuona, kupitia kioo cha nyuma, safu ndefu ya viti vitupu, na mbali kabisa kule mbele kisogo cha Quast, kikitikisika kumkubalia mtu.